Mzee Aliyefunga Kupita Kiasi

Eliakim wa Litein alikuwa mwanamume kamili: hakuwahi kuugua. Kusimama nyuma ya michai akisubiri mkojo utoke mpaka Chepkemboi, mkewe, amalize kukamua ng'ombe hakukuwa ugonjwa. Alikuwa "anaangalia mpaka wa shamba". Mpaka wenyewe ulimwita hata usiku, mvua ikinyesha.

Chepkemboi hakudanganyika. Mjomba wake aliificha aibu hiyo hiyo hadi figo zikafa, naye akazifuata. Kwa hivyo aliposikia kuna utafiti wa dawa hospitalini, alimburuta bwana huyo mzima wa afya.

Nesi Mokeira aliwaeleza taratibu. Dawa yenyewe ni ya presha, hulegeza mishipa ya damu. Walitaka kujua kama italegeza pia shingo ya kibofu kwa wazee ambao njia yao ya mkojo imeanza kufunga. "Kesho tunapima damu kwanza. Mzee, uje umefunga."

Eliakim ni mzee wa kanisa, lakini kufunga anakokujua ni kwa vifungo vya koti. Akaelewa kwamba ni mkojo wa kufungwa: ukifika umekojoa, utaambiwa umepona. Usiku huo akabana. Asubuhi, mkewe akiwa amepeleka maziwa, akanywa birika zima la chai, akabana zaidi.

"Mzee, umefunga?" akauliza Mokeira.

"Kabisa. Hata tone halijatoka."

"Halijatoka? Na chai je?"

"Nimekunywa ya kutosha. Si ndiyo inafunga vizuri?"

Mokeira akaligusa tumbo lake. Lilikuwa gumu kama ngoma. "Nenda choo, mzee. Sasa hivi."

Akaenda. Alikawia. Alirudi akitoka jasho, uanaume umepungua. "Imekataa," akanong'ona.

Chepkemboi akashika ukuta, mjomba wake amemjia machoni.

Wakamwekea mpira wa kutoa mkojo, mfuko wake ukaanza kujaa. Majibu ya damu yalipotoka, daktari akasema figo ni nzima, ila dawa ya utafiti hapati. "Tunachukua waliofunga kidogo. Huyu amefunga kabisa. Yeye ni wa upasuaji."

"Hata kufunga mnataka kwa wastani!" akasema Chepkemboi. "Baba Nelvine, umefukuzwa kwa bidii yako."

"Punguza sauti, Mama Nelvine. Na ufunike huo mfuko, watu wa Litein wataniona."

Mkewe akavua leso, akaufunika vizuri. Pembe moja akaiacha wazi, upande wake, apate kuona kama unaendelea kujaa.