Jina Katika Orodha Mbili

Armelle Nibigira ana miaka kumi na tisa na anaishi ughaibuni, katika kitongoji cha Cabramatta, na mama yake, Cécile. Desemba 2021, chuo cha ufundi cha jirani kilimpa nafasi ya kusomea stashahada ya uuguzi. Baba yake, Siméon, aliyekuwa msafishaji katika makao ya wazee, alimwambia ajibu siku hiyohiyo. Akajibu.

Mwezi mmoja baadaye ikaja barua ya chuo kikuu, kule Kensington, upande mwingine wa jiji: shahada ya famasia, masomo aliyoyataka tangu utotoni. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Shule zilikuwa likizo. Hakuwa na wa kumuuliza.

Siméon alikuwa hospitalini, amewekewa oksijeni kwa sababu ya korona. Wageni hawakuruhusiwa. Muuguzi alimshikia simu.

“Baba, nimepata chuo kikuu!”

“Si umeshaandikwa kwingine?”

“Nadhani naweza kubadilisha.”

“Unadhani!” Akakohoa. “Mama Katungu naye alidhani.”

Mama Katungu alikuwa jirani yao katika kambi ya wakimbizi, Kigoma. Jina lake lilionekana kwenye orodha mbili za wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, kila moja ya nchi yake. Maofisa walimwita mdanganyifu, wakamfuta kote. Yuko kambini hadi leo.

“Baba, hapa si Kigoma.”

“Makaratasi ni makaratasi, mama. Niahidi hutaandikwa mara mbili.”

Akaahidi.

Ijumaa alikaa jikoni, simu mapajani, barua ya chuo kikuu ikiwa wazi. Cécile alikuwa akichambua maharagwe. Saa sita ikapita.

Siméon alifariki Jumapili.

Februari, siku ya kwanza katika darasa la uuguzi, Armelle aliketi karibu na Jepchumba, Mkenya wa kitongoji cha Quakers Hill, msemaji sana.

“Mimi nilikubali vyuo viwili, dada. Nikachagua baadaye, nikafuta kimoja.”

“Hawakukufuta kote?”

“Wanifute kwa nini? Kila mtu hufanya hivyo! Kwani wewe ulikuwa unaishi wapi?”

Armelle akafungua daftari, akaandika tarehe.

Wageni wa msiba bado huja siku za Jumapili, baada ya ibada. Cécile huwaambia kwamba binti yake alimtii baba yake mpaka mwisho, nao huitikia kwa vichwa. Armelle huwamiminia chai. Alichosema Jepchumba hajamwambia mama yake.