Mkaguzi wa Malori Anayesubiri Injini Ipoe

Saa moja kasoro asubuhi mzee mmoja mwembamba anaingia kwenye yadi ya magari akiwa na begi la turubai na kigoda cha kukunja. Kabla hajamsalimia mtu, anapiga hatua hadi kwenye kichwa cha lori la semi kilichoegeshwa karibu na ukuta. Anapitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele na kugusa ubavu wa injini.

Anautoa mkono na kuutazama.

"Nani ameliwasha?" anauliza.

Dalali wa yadi anakuja mbio, funguo zikilia kiunoni. "Shikamoo, Mzee. Nimelisogeza tu kidogo, usipate shida ya kuzunguka."

"Marahaba. Umenisaidia sana. Sasa nitasubiri lipoe."

Anakikunjua kigoda kivulini na kuketi. Kwa mkono huo unaogusa kwanza, madereva humwita Kiganja. Ana miaka sitini na mitatu. Aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na miwili, kisha kampuni ya usafirishaji aliyokuwa akiifanyia kazi ikampa kazi ya kuyakagua kabla hayajanunuliwa. Hesabu yake ni malori mia nne na kumi na moja. Theluthi moja aliyakataa.

"Injini ya moto ni kama mgeni aliyeoga," anaeleza. "Huwezi kujua nyumbani kwake anaishije."

Leo anasubiriwa na mtu mwingine pia. Dereva mmoja wa makamo, ambaye wenzake humwita Taratibu, ameegemea ukuta, mikono mfukoni. Lori hili likinunuliwa, ni lake. Lile alilokuwa akiendesha liliondolewa barabarani wiki saba zilizopita, na dereva wa kampuni hii hulipwa kwa safari. Asiposafiri, hapati kitu. Binti yake wa kwanza anaanza chuo mwezi ujao.

"Mzee wangu, ulikague tu hivyo hivyo," anamwambia. "Kilomita laki sita, matairi mapya, kitanda hakijachanika. Mimi nimeshalala humo kwa mawazo."

"Lala tena kidogo," anajibu Kiganja.

Wakati chuma kinapoa, hakai bure. Anachuchumaa na tochi kukagua ile sahani nzito inayobeba tela, anatingisha pini, anapapasa mabomba ya breki. Anapanda kabini, anavua viatu na kujilaza kwenye kitanda cha dereva. Anasema mtu atakayekaa humo siku ishirini kwa mwezi ana haki ya kunyoosha miguu.

Dalali anacheka. "Mzee, unalikagua au unalichumbia?"

"Nalichumbia. Na posa sileti mpaka nimwone bibi arusi akiamka asubuhi, hajapaka kitu."

Saa nne simu inaita. Ni meneja wa kampuni. Sauti yake inasikika hadi kwa aliyesimama kando.

"Mzee, mzigo unaondoka Jumatatu. Mashine inatembea au haitembei?"

"Inatembea, bosi. Hata mgonjwa hutembea kwenda hospitali."

Subira hii ina historia, na Kiganja haifichi. Miaka sita iliyopita aliletewa lori ambalo injini yake ilikuwa na joto. Alikuwa na haraka, akaliendesha saa mbili, likapanda mlima bila kukohoa. Akatia sahihi.

Wiki tatu baadaye lori lile liliua injini kilomita elfu moja na mia moja kutoka nyumbani. Dereva alikaa nalo kando ya barabara siku kumi na moja, akilinda shehena. Siku ya tano alipigiwa simu kuwa mama yake amefariki.

Dereva huyo ni Taratibu.

"Mama yangu alizikwa mimi nikiwa nalinda saruji," anasema, akitazama chini. "Niliporudi, mzee huyu alikuja nyumbani. Akakaa kwenye mkeka na waombolezaji, akasema mbele yao, 'Lori lile ni mimi niliyelipitisha.' Nilimwambia chai yake inapoa."

Tangu siku hiyo Kiganja hakagui injini ya moto, hata aambiwe nini.

Saa nane mchana anapitisha mkono tena nyuma ya gurudumu. Anauacha hapo muda mrefu. Kisha anafungua kifuniko cha tangi la maji ya rejeta na kumwita dereva. "Njoo usimame hapa. Macho kwenye maji." Anampa ishara dalali awashe.

Injini inazunguka, inasita, inashika kwa shida. Moshi mweupe unatoka na kuning'inia juu ya yadi. Ndani ya tangi, mapovu madogo yanaanza kupanda, moja moja, halafu kwa makundi. Dakika kumi na tano baadaye, injini ikiwa na joto, moshi umekwisha na sauti ni tamu.

"Unaona?" Kiganja anasema kwa sauti ya chini. "Hewa ya injini inapenya kwenye maji. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba ufa. Kila asubuhi ufa utafunguka upya."

Dalali anasema ni gasketi tu, kile kizibo cha katikati ya injini, kazi ya siku moja. Kiganja anamjibu kwamba huenda ni kweli. Mficha uchi hazai. Dalali angeyasema hayo asubuhi, wangekuwa wameshaifungua injini.

Anatoa fomu na kuandika, kwa mwandiko wa kunyooka: *Lisinunuliwe kwa hali hii.* Anatia sahihi. Kisha anatoa rula kwenye begi na kuchora mstari mwingine chini ya jina lake.

"Huu ni wa nani?" anauliza Taratibu.

"Wa atakayeliendesha. Fomu haina, lakini inapaswa kuwa nao."

"Nikiandika hapa, Mzee, nimejinyima kazi kwa mkono wangu."

"Kama hukuona, usiandike."

Dereva anaitazama karatasi, kisha lori linalonguruma vizuri kabisa. "Nimeona," anasema. Anaandika jina lake polepole, herufi kubwa, na kurudisha kalamu.

Kiganja amebakiza miaka miwili astaafu. Ameshamwandikia meneja barua tatu akiomba mstari huo uchapwe kwenye fomu zote. Hajajibiwa. Anasema ataandika ya nne usiku wa leo, na safari hii ataambatisha fomu hii yenye majina mawili.

"Ukichapwa, nitakaa nyumbani nimsumbue mama watoto kwa moyo mweupe."

Kesho kuna lori jingine, yadi ya upande wa pili wa mji. Taratibu anauliza kama anaweza kuja.

"Uje saa kumi na mbili na nusu," Kiganja anamwambia akikunja kigoda. "Na usimsalimie mtu kwanza. Wewe ndiye utakayegusa."