Vigae vya Shamba la Juu

Vigae, vile vipande vya vyungu, vikigongana ndani ya mfuko hutoa mlio mkavu ninaoujua tangu utotoni. Juzi binti mmoja wa chuo, anayechunguza mambo ya kale, alikuja shambani kwetu, njia ya Mkwaja, akitembea kwa mistari huku akiokota vigae na kuvitia mfukoni. Alinieleza kwamba vikiwa vingi, ujue watu wa kale walilima hapo, wakimwaga jaa la jikoni liwe mbolea. Kisha akanyoosha kidole kwenye shamba la juu, alikokwisha kupita.

"Kule hamna kitu, bibi. Nadhani lilikuwa pori."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia, enzi za Mwingereza, nikiwa kibogoyo wa meno ya mbele.

Bi Mwanahawa, bibi yangu mzaa mama, kila masika yakikaribia alibeba jaa kwa pakacha hadi shamba lile: majivu, miiba ya samaki, vyungu vilivyovunjika. Mama yake alifanya vivyo hivyo, na waliomtangulia. Vigae vilitapakaa kila mahali, vingine vina michoro ambayo hata yeye hakujua ni ya nani.

Siku moja jirani akadai shamba la juu ni pori alilofyeka baba yake. Bibi akajibu kwamba jaa lake ndilo shahidi, na wazee wakasema watakuja kulitazama.

Mimi nilielewa jambo moja tu: wageni wanakuja. Na kwetu mgeni hakuti uchafu. Jani moja likionekana uani, nilifinywa sikio. Basi nikadamka na kikapu, nikaokota kila kigae nilichokiona, nikaenda kuvimwaga mtoni huku naimba. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote Tanga nzima.

Wazee walizunguka, wakainama, wakainuka mikono mitupu.

"Bi Mwanahawa, jaa lako liko wapi? Hapa hapana hata kigae. Hili lilikuwa pori."

Bibi alifungua mdomo. Akaiona mikono yangu, imekwaruzika, imejaa udongo. Akaufunga.

"Basi, jamaa zangu. Yaishe."

Jioni alinipaka mafuta ya nazi kwenye mikwaruzo, wala hakuniuliza neno. Nikadhani amefurahia usafi wangu. Tangu hapo shamba la juu likawa la jirani, nasi tukala muhogo wa shamba dogo la chini, nao haukututosha.

Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa. Angesema, ningeitwa mtoto aliyempotezea bibi yake shamba, na jina hilo ningezeeka nalo. Akachagua njaa. Alikufa sijamwomba radhi, na hilo linaniuma hadi leo.

"Kulilimwa kule," nilimwambia yule binti.

"Vigae viko wapi basi, bibi?"

Nyinyi nimewaambia. Yeye nilimwonyesha mto tu.