Ardhi Iliyopumzika Ijumaa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka najichukia upya. Sikupanga kukusimulia. Lakini umeniletea ripoti yako hapa Korogwe niisome, umeandika jengo la kale kule Lutindi libomolewe kwa sababu chini yake kunatikisika kila siku, nami nikakuuliza swali dogo tu: nyuma ya ukuta ulipoweka mashine kuna nini? Ukaniambia hujui. Hujui! Khaa! Kaa chini, weka hiyo simu, unisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe, tena kwa majivuno nakushinda. Ndiyo kwanza nimetoka kusomea matetemeko ya ardhi, na kazi yangu ilikuwa kukagua majengo ya kale, nijue lipi litahimili ardhi ikitikisika na lipi litawaangukia watu. Nikapelekwa kijiji kimoja cha Sindeni, kwenye msikiti wa zamani wa mawe na udongo. Nikaweka mashine yangu ya kupima mitetemo chini ya ukuta wa kibla, nikawakataza watu wasiiguse, nikarudi zangu Korogwe kulala gesti, maana kijijini hakukuwa na feni. Umeme wenyewe haukuwepo, sembuse feni! Ndivyo nilivyokuwa.

Baada ya wiki mbili nikaenda kuchukua karatasi ya ile mashine. Lahaula, sindano yake ilikuwa imechora milima! Kila siku alasiri, mtetemo juu ya mtetemo, mpaka karibu na magharibi. Sikumuuliza mtu. Siku hiyo hiyo nikaandika barua kwenda wilayani: ukuta wa kibla ni hatari, ubomolewe. Nikajiona nimeokoa roho za watu.

Wiki iliyofuata nilipokwenda kuiondoa mashine, akaja jirani wa msikiti, Bi Mwanahawa, ameshika mchi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akataka kuiona karatasi. Nikamtandazia kwa mbwembwe. Akaipitishia kidole pole pole, akiniuliza siku moja moja, kisha akakomea mahali palipokuwa peupe.

"Hapa ni lini?"

"Ijumaa, bibi."

"Na hapa tena?"

"Ijumaa."

Akanitazama usoni. "Binti yangu, ni ardhi gani hiyo inayopumzika Ijumaa?"

Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya ukuta. Palikuwa na vinu vinne. Kumbe maulidi yalikuwa yanakaribia, na desturi yao pale ni wanawake kukusanyika kwake kila alasiri, kwenye kivuli cha ukuta ule, kutwanga muhogo mkavu wa kupikia bada, ugali wa wageni. Ijumaa hawatwangi. Akawaita wenzake watatu, wakashika michi, nami nikarudi kwenye mashine kutazama sindano. Ikarukaruka vile vile!

Na mimi, mwanangu, ni mtoto wa kijijini, kule Mpale. Nimetwanga tangu sijui kuandika jina langu. Lakini sikuwahi kukaa pale hata alasiri moja nikausikia mlio wa kinu.

Sasa unadhani kosa ninalolisema ni hilo? Hilo lilikuwa upumbavu tu, na upumbavu watu husamehe. Ilinipasa nikimbie wilayani siku ile ile niseme nimekosea. Sikwenda. Nikawaza bosi atanicheka, wenzangu wataniita mtaalamu wa vinu. Nikasema kesho. Kesho hiyo ikawa wiki tatu.

Nilipopeleka barua ya pili, ya kukiri kosa, na kufika kijijini, ukuta haukuwepo. Watu wale waliniamini, jamani! Waliubomoa kwa mikono yao, taratibu, mawe wakayapanga kando, na pale pa kibla wakaweka mabati. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kibarazani kwake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema tu, "Udongo ule aliukandika bibi yangu. Alama za vidole vyake zilikuwa pale ukutani. Nilikuwa nikitwanga naziangalia."

Baadaye ukajengwa ukuta mwingine, wa tofali, umenyooka vizuri kabisa. Siwezi kuutazama.

Usije ukatoka hapa ukasema mama kasema majengo ya kale yaachwe tu. Sikusema hivyo! Ardhi yetu hutikisika kweli, na ukuta mbovu huua. Ukiuona mbovu, andika mbovu, uwahamishe watu hata wakikununia. Ninachokwambia ni kwamba kesho asubuhi urudi Lutindi. Uwaamkie wazee. Ukae kutwa nzima, na kesho yake tena, ujue nyuma ya ukuta ule kuna vinu, au mashine ya kusaga, au watoto wanaruka kamba. Uwaombe watulie, upime upya. Na ukigundua umekosea, ukaseme siku ile ile, kabla hujanywa hata chai, maana wakati wewe unaona haya, kuna watu wanakutii na wameshika nyundo.

Ripoti hujaipeleka bado? Alhamdulillahi. Nipe, nitakaa nayo mimi mpaka urudi. Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na asikuonjeshe siku ya kusimama mbele ya bibi wa watu huna cha kumrudishia.