Breki za Karani Mwinshehe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana, nilipewa tambara. Karakana ilikuwa Ilala, nyuma ya duka la baiskeli la Mhindi mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Duka. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimetoka Tabora na cheti cha shule ya misheni mfukoni, nikidhani cheti kile kitanipa heshima. Bwana Msimamizi, mkuu wetu sisi mafundi, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akanionyesha rundo la minyororo iliyoganda grisi.

"Safisha hizo, Yohana," akasema. "Ukizimaliza utaijua baiskeli kuliko mwenye nayo."

Nilisugua kutwa nzima. Jioni mke wangu alinikataza kugusa unga kwa mikono ile ya grisi, akanisongea ugali mwenyewe huku akinicheka. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ufundi.

Enzi zile za Mwingereza, vijana wangu, baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la mtu wa kawaida. Karani alikuwa nayo, tarishi alikuwa nayo, muuza samaki alifunga kapu lake nyuma akaingia mitaani. Karibu zote zilikuwa nyeusi, nzito, zenye usukani ulionyooka na breki za vyuma. Breki ya vyuma ni ile ambayo ukivuta mkono wake, fimbo moja ya chuma inavuta nyingine mpaka mpira unaibana rimu. Ni breki isiyo na makuu, na fundi anaweza kuinyoosha kwa nyundo. Breki za waya zilikuwapo, ila chache, na watu wazima waliziona za kitoto.

Baada ya miaka kadhaa Bwana Duka alifungua tawi Temeke, nikapelekwa huko pamoja na Bwana Msimamizi. Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi mingi na nyumba za udongo zenye baraza pana, na wateja wetu wengi walikuwa watu wa mjini waliokwenda kazini bandarini alfajiri na kurudi jua likizama. Nilipapenda tangu siku ya kwanza. Watu walikuja karakana hata kama baiskeli zao nzima, wapate tu kukaa na kuongea.

Huko ndiko nilikomjua Karani Mwinshehe. Alikuwa kijana wa Kizaramo, karani wa ghala bandarini, mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka unaweza kujikata nayo, na soksi ndefu mpaka magotini. Mkuu wake Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia baiskeli ya mbio. Ilikuwa nyepesi, unaiinua kwa kidole. Usukani wake uliinama mbele ukajikunja kama pembe za kondoo dume, na haikuwa na friwili. Friwili ni kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuruhusu uache kupiga pedeli huku baiskeli inakwenda. Isiyo nacho haina huruma. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu yako inazunguka nazo upende usipende. Na jambo la kuchekesha ni kwamba baiskeli ile haikuwa na breki hata moja. Wazungu wa mbio waliipunguza mwendo kwa kuikaza miguu.

Jumamosi moja asubuhi Mwinshehe alitujia akichechemea, goti limefungwa kitambaa.

"Nifungieni breki," akasema. "Nzuri kuliko zote mlizo nazo. Mie nakosa mke hivi hivi."

Tukamketisha, akatueleza. Alikuwa amemposa Zaituni, binti wa Mwalimu Shomari, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Kinondoni. Kila Ijumaa baada ya sala alitoka Temeke akakatiza Ilala, akashuka bonde la Jangwani, akapanda Magomeni mpaka Kinondoni kumwamkia mzee. Ijumaa iliyopita, mara yake ya kwanza kwenda na baiskeli ile, alifika kwa kasi, akashindwa kusimama, akaingia katikati ya wazee waliokuwa wakicheza bao barazani. Kete zilitawanyika mchangani. Mwalimu Shomari alikuwa anashinda.

"Akaniambia nini? 'Mwinshehe, asiyeweza kukisimamisha chombo chake mwenyewe, nitamkabidhije binti yangu?'"

Tulicheka, Mungu atusamehe, lakini kijana machozi yalikuwa yanamlenga. Nikamhurumia kweli.

Bwana Msimamizi alikuwa na kitabu cha picha kutoka kiwandani, akikipenda kama wengine wanavyopenda msahafu. Akafungua ukurasa wa baiskeli za mbio. Mikono ya breki ilichorwa mbele kabisa, pale usukani unapoanza kuinama, mirefu, imeshuka kufuata ule mkunjo. Akaagiza tuifunge vilevile, na waya wake ukaenda kwenye breki ya gurudumu la mbele. Mwinshehe akaijaribu mbele ya karakana, amevaa kaptula yake ya kazini. Alikuja kasi, akavuta, akasimama pale pale. Sote tukapiga makofi.

Ijumaa ikapita. Jumamosi akarudi, safari hii na mikwaruzo ya makuti usoni.

"Nimepita barazani kwa mzee bila kusimama," akasema kwa unyonge. "Nimeingia ua wa jirani. Mzee amesema Ijumaa ijayo ndiyo ya mwisho. Nikishindwa, nisirudi tena."

Bwana Msimamizi akaikagua breki. Nzima. Waya mzima, mpira mzima, rimu kavu.

"Breki haina kosa, bwana karani," akasema kwa ukali kidogo.

"Sikusema ina kosa. Sikuwa na mkono wa kuivuta."

"Mikono yako ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Huu wa kushoto umekusanya kanzu isiingie kwenye mnyororo. Huu wa kulia nawasalimia wazee. Ulitaka niushike usukani kwa meno?"

Tukatazamana. Karakana nzima tulikuwa watu wa bara na watu wa kaptula, na tulimpima mteja wetu siku za kazi, akiwa na kaptula kama sisi. Ijumaa hatukuwa tumeiwaza kabisa.

"Basi usisalimie," Bwana Msimamizi akasema.

"Nipite mbele ya baba mkwe na wazee wenzake bila kuinua mkono? Bora nianguke!"

Nikamwomba arudi kwao avae kama anavyovaa Ijumaa. Akaja na kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, akapanda, nami nikasimama kando ya njia kujifanya Mwalimu Shomari. Niliona yote. Mkono wa kushoto ulikusanya kanzu, ukailalisha juu ya usukani karibu kabisa na katikati, ukatulia hapo. Kule kwenye mkunjo, kwenye mikono yetu mizuri ya pichani, haukwenda kabisa. Na miguu nayo, kwa kubanwa na kanzu, haikuweza kuzikaza pedeli. Ilibaki kuzungushwa tu.

Sasa kazi ya kuchagua ikaanza. Mikono mirefu haikufaa, maana inataka kiganja kizima, na kiganja kimejaa kanzu. Ya breki za vyuma haikufaa, kwa sababu fimbo hazijui kufuata usukani uliopinda. Nikapekua kopo la vyuma chakavu nikapata mkono mmoja mfupi wa waya, uliotoka kwenye baiskeli ya kike. Ule ulivutika kwa vidole viwili. Kidole gumba na vile vidogo vingebaki vimeshika nguo, na cha shahada na cha kati vingefanya kazi ya breki. Tatizo likawa pete yake ya kubania. Usukani ule ulikuwa mnene katikati kuliko kwenye pembe, na pete haikuenea. Nikaipanua kwa tupa taratibu, nikatia skrubu ndefu zaidi. Kisha nikailegeza springi ya breki, maana vidole viwili havina nguvu za mkono mzima, nikaufunga ule mkono upande wa kushoto, pale pale kanzu inapolala.

Bwana Msimamizi alisimama nyuma yangu na kitabu chake. "Hii haimo kwenye picha, Yohana."

"Na huyu wa kwenye picha hajavaa kanzu, bwana."

Akacheka mpaka akakaa chini. Ni yeye mwenyewe aliyeenda kuniombea ruhusa kwa Bwana Duka, nende Kinondoni Ijumaa hiyo ya mwisho nikaone kwa macho yangu.

Nilitangulia. Nikawaamkia wazee, nikapewa kahawa, nikakaa pembeni moyo ukinidunda kana kwamba ninayeposa ni mimi. Mwalimu Shomari alikuwa amelihamishia bao nyuma kidogo, kwa tahadhari. Mwinshehe akatokea mwisho wa njia, kanzu imekusanywa, miguu inazunguka. Akakaribia. Mkono wa kulia ukainuka juu.

"Asalaam aleikum, wazee wangu!"

Vidole viwili vikavuta. Baiskeli ikapunguza, ikapunguza tena, ikasimama mbele ya baraza, na yeye akaweka mguu chini kwa adabu. Hakuna kete iliyotikisika. Mwalimu Shomari aliliangalia gurudumu, akamwangalia kijana, akarudi kwenye bao lake.

"Aleikum salaam. Panda barazani, mwanangu, kahawa inapoa."

Niliposikia lile neno "mwanangu" nilitaka kuruka. Sijawahi kuifurahia kazi yangu kama siku ile.

Baadaye nilihamia karakana ya idara moja ya serikali, Barabara ya Pugu, chini ya Mzungu tuliyemwita Bwana Mkuu. Yeye alishangaa kwa nini kila tarishi aliyeletewa baiskeli mpya nilimwuliza anavaa nini, anabeba nini, na njiani anakutana na nani. "Wewe fundi au shangazi yao?" aliniuliza siku moja. Nilimjibu kwamba bila majibu hayo siwezi kujua breki ikae wapi. Nilifanya kazi hapo mpaka Uhuru ukanikuta, na nikastaafu nikiwa mimi ndiye ninayeitwa Bwana Msimamizi. Vijana wananiuliza mikono ipi ya breki ni bora. Siwezi kuwajibu kabla sijawaona wakiendesha siku wasiyokwenda kazini.

Nilipostaafu, Mwinshehe na Bi Zaituni walikuja kunipongeza, wote wawili wameshaota mvi. Mimi nikaanza kujisifu tena kwa kile kimkono kifupi, jinsi kilivyookoa ndoa. Bi Zaituni akanisikiliza mpaka mwisho akitabasamu.

"Fundi, ulifanya vizuri," akasema. "Ila mie siku ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nimeshajitanda kanga zangu. Nilishamwambia mama, akianguka tena natoka mwenyewe kumwinua. Binti akishamshika mwanamume mbele ya baraza zima, baba angefanya nini zaidi ya kumwita shehe atuozeshe?"

Mwinshehe akaweka kikombe chini. "Miaka yote hii hukuniambia?"

"Ningekuambia," Bi Zaituni akasema, "ungeing'oa breki ya watu."