Mukebe ya misumari na maji ya oksijeni

Nyinyi bajukuu ba leo, munaosoma mupaka macho inauma, musikie na ya mukaka wenu, bibi huyu aliyeachia masomo mwaka wa tatu wa primaire. Nilicheka mutu mwenye kusoma, halafu mukebe yangu ikanicheka.

Mujukuu wangu wa kike anasoma kemia hapa Butembo. Mémoire yake, ile kazi ya kumaliza masomo, ni kugeuza mafuta ya soja ikuwe verni ya maseremala ya kung'arisha mbao. Anachanganya mafuta na maji ya oksijeni, ile tunasafishaka nayo vidonda, lakini yake ni kali, inachoma ngozi. Halafu anatiamo unga kidogo wa madini ya wolframu. Nikamuuliza wolframu inatumika kazi gani. Akasema inasukuma oksijeni iingie mu mafuta, na yenyewe hapana kwisha. Nikamwambia chuma yenye kutumikisha wengine na yenyewe hapana kuchoka, naijua: niliolewa kwa mutoto wake. Majirani ba Bulengera balicheka wiki nzima. Mujukuu yeye hapana.

Maji ile ilitoka Beni juu ya pikipiki, chupa moja tu, na soutenance, siku ya kutetea mémoire mbele ya walimu, ilibakia siku ine. Sasa, sisi tulikimbia vita ya Kalunguta mara mbili. Mutu wa kukimbia hapana kulaza kitu yake yote mahali moja: chumvi inagawanywa, maharagi inagawanywa. Asubuhi, mujukuu akiwa ku masomo, nikagawanya na maji yake. Nusu nikaacha mu chupa, nusu nikatia mu mukebe ya zamani ya maziwa, ile nilikuwa naweka misumari, nikafunga kifuniko nguvu. Donc nilijiona mwenye akili.

Sikufika hata ku mulango. Mukebe ikapata moto, ikatoa povu, kifuniko ikaruka ikapiga plafond kule juu.

Mutoto aliporudi, akachungulia ile kutu ya ndani. Akasema polepole: "Mukaka, kutu ni chuma. Nayo inatumikisha oksijeni, lakini hapa mafuta ya kuipokea hapana. Yote imeenda mu hewa. Umeniachia maji ya kunawa."

Nikamuuliza nusu ya mu chupa itatosha kujaribu mara ngapi.

"Moja."

Nikaita bote ba mu nyumba, hata muzee na fimbo yake. Nikabaambia: "Chupa ile hapana kuguswa. Mwenye kukatwa na panga ajifunge kitambaa. Risasi ikilia, mubebe chupa kwanza. Mimi mutanirudilia."