Kitwitwi Mwenye Mkanda

Juzi nilitia magadi kwenye chungu cha mlenda, yakachemka, na ule mvuke wenye harufu ya udongo na mayai ukanipanda puani. Nikaacha mwiko ukielea. Hiyo ndiyo harufu ya ufukwe wa Ziwa Singidani jua linapoanza kuchoma, na kila inaponipata namwona Mama Mkubwa mbele yangu, kanga kaipandisha hadi magotini, analijaribu ganda la tope kwa kisigino kabla ya kuliamini.

Mama Mkubwa ni dada yake mama. Alinichukua kutoka Sepuka nikiwa na miaka minane ili nisome mjini, na masomo ya kwanza aliyonipa hayakuwa ya shule. Alikuwa anauza kuku wa kienyeji sokoni, na kwake kuku alikuwa ni mtuhumiwa mpaka achunguzwe. "Anzia miguuni," alikuwa akiniambia. "Halafu shingo. Halafu uso. Rangi iache mwisho, maana rangi ndiyo muuzaji anayotaka uione." Kwa njia hiyo nilijifunza kumtofautisha kuchi halisi, yule kuku mrefu anayesimama kama anadai shamba la urithi, na chotara ambaye mtu kamnyonyoa manyoya ya shingo ili afanane naye. Tena kila kitu tulikihesabu mara mbili: kuku tengani, mayai, hata vijiko baada ya wageni kuondoka, wakiwemo wageni wa kanisani.

Kiangazi, siku zisizo za soko, alikuwa anakwangua magadi ufukweni, na huko ndiko alikomwona yule ndege. Mnavijua vile vindege vidogo vinavyokimbia hatua kumi vikasimama ghafla, kama vimekumbuka vimeacha moto jikoni? Sisi wote tuliwaita kitwitwi tukamaliza. Yule wa kawaida ana kifua cha rangi ya uji wa uwele, mstari mweusi unaopita jichoni ukaenda kisogoni, na nyuma ya shingo ana ukosi mweupe. Ukimkaribia kwenye mayai yake anayafukia mchanga kwa miguu, haraka haraka, kisha anaondoka kama jambo halimhusu. Lakini Mama Mkubwa alisema katikati yao yupo mwingine, wa nadra: kifua cheupe kama unga uliochekechwa, kimefungwa mkanda mmoja mwembamba wa rangi ya karanga za kukaanga, na nyuma ya shingo hana ukosi.

Kosa lake lilikuwa kusema hivyo sokoni. Alikuwa amekuja kijana mmoja afisa wa wanyamapori, sisi tukimwita Bwana Ndege, akitafuta mtu anayelijua ziwa. Mama Mkubwa akamweleza. Kijana akatabasamu, akamwambia mbele ya watu, "Mama, huyo ni yule yule wa kawaida, kachafuka tope kifuani."

Hamisi, muuza kuku mwenzetu, hakuhitaji zaidi. Kuanzia siku hiyo akamwita Mama Mkanda. "Mama Mkanda, huyu jogoo wako kavaa suruali au mkanda mtupu?" Utani wa Hamisi tungeuvumilia, tulikuwa na wetu wa kumrudishia kuhusu upara wake. Tatizo ni wateja. Mama Mkubwa akisema huyu ni kuchi, mtu anacheka: kitwitwi tu kakushinda, kuchi utamjua? Miaka yote neno lake ndilo lililouza kuku wake. Sasa likawa neno la kujadiliwa kama la mtu mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata Bwana Ndege akarudi kuhesabu ndege wa ziwani, na safari hii alikuja hadi nyumbani, kwa sababu safari ya kwanza alizama topeni hadi gotini akaacha kiatu. "Habari za kazi, mama?" akasema. Umri wake ulikuwa wa kitindamimba wa Mama Mkubwa. Kwetu mtoto asiyesema shikamoo hapewi hata maji, nami nikasubiri nione. Mama Mkubwa akajibu, "Salama," akavitazama viatu vyake vipya kwa huruma.

"Nitakupitisha palipo pagumu," akamwambia. "Nikikuonyesha wa mkanda, utamwandika?"

"Nikimwona, nitamwandika."

Tukaondoka asubuhi watu watatu, mimi nimebeba chupa ya maji na roho juu. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa kule katikati, wamelipaka ziwa rangi ya waridi, lakini hakuna aliyewatazama. Bwana Ndege alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akahesabu, akaandika, tukasogea. Kitwitwi walikuwa wengi, na wote wana ukosi. Saa mbili, hamna. Saa tatu, hamna. Niliona Mama Mkubwa anajaribu tope kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Zamu yangu ya kuchungulia ilipofika, nikamwona. Kifuani, mstari wa kahawia. "Huyu hapa," nikasema. "Ana mkanda."

Bwana Ndege akainama darubinini, ndege akakimbia nyuma ya jiwe. "Una hakika?"

"Nina hakika. Mmoja, mwembamba."

Akanitazama, akatazama jua, akafungua daftari. Nadhani alikuwa amechoka, na pengine alitaka kumfariji mwenyeji wake. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Subiri," Mama Mkubwa akasema. Akanishika bega. "Neema, rudia."

"Mama Mkubwa, nimemwona."

"Mara ya kwanza ulikuwa unanipenda mimi. Sasa mwangalie ndege. Anzia miguuni."

Ndege akatoka nyuma ya jiwe. Nikaanzia miguuni. Nikaja shingoni, na alipogeuka, ukosi ule hapo, mweupe, hauna pa kujificha. Kifua cha uji wa uwele. Ule mkanda wangu ulikuwa tope, kama alivyosema kijana mwaka uliotangulia, na kwa chini tope hilo lilikuwa limeanza kukauka na kubanduka.

"Siye," nikasema.

"Haya. Tusogee," akasema Mama Mkubwa, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja kwamba mayai yamekwisha.

Bwana Ndege alifunga daftari polepole, na kuanzia hapo akawa anatembea nyuma ya Mama Mkubwa, anakanyaga alipokanyaga yeye. Kwenye ncha ya mwisho, palipo na chumvi nyeupe tupu, kulikuwa na kundi. Nikahesabu arobaini. Nikarudia, nikapata arobaini na mmoja. Huyo wa ziada alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, mgongo wa kijivu, nilikuwa nimemkosa kwa sababu alifanana na kivuli. Nikamvuta Bwana Ndege kwa mkono wa shati.

Alitazama kwa muda mrefu. Akaondoa jicho kwenye darubini, akalifuta, akatazama tena. Ndege akageuka: shingo safi, kifua cha unga, mkanda wa karanga.

Bwana Ndege akasimama wima, kalamu mkononi. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," akajibu. "Hesabu tena, wasije wakawa wawili."

Alikuwa mmoja. Akaandikwa.

Jina la Mama Mkanda halikutoka. Bwana Ndege alipita sokoni akasema mbele ya Hamisi kwamba alikosea yeye, na Hamisi akaendelea kumwita hivyo, ila sasa Mama Mkubwa alikuwa anaitika, na wateja walilitumia kumtafuta: yuko wapi Mama Mkanda, yule anayejua ndege?

Miaka mingi nilidhani ushindi ulikuwa pale penye chumvi. Leo nami nanunua kuku vijijini, Misigiri na Ulemo, nina jina langu la kulinda, na ndipo nimeelewa kwamba ulikuwa pale kwenye jiwe. Kalamu imegusa karatasi, jina la Mama Mkubwa linarudi bure, na aliyemwona ndege ni mtoto aliyemlea mwenyewe. Akaizuia kalamu.

Wauzaji wakiniona namrudia kuku, miguu, shingo, uso, wanadhani siwaamini. Kweli siwaamini. Lakini ile mara ya pili najikagua mwenyewe, isije ikawa mara ya kwanza nilikuwa nampenda mtu.